Beni, Mji Unaomuuliza Mungu

Mto Lhubiriha ni mwembamba. Ukisimama Mpondwe, upande wa Uganda, unaweza kumwita mtu aliye Kasindi, upande wa Kongo, akakuitikia. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni ndugu, lugha yao ni karibu moja, na asubuhi ile ya Agosti 2025 daraja lilijaa akina mama wenye matenga ya nyanya vichwani na vijana waliosukuma baiskeli zilizolemewa na magunia. Mwenyeji wangu, mwalimu wa shule ya msingi mjini Beni tuliyefahamiana Dar es Salaam alipokuja masomoni, alikuwa amevuka kuja kunipokea. Kabla hatujaingia darajani alininyooshea mkono kuelekea mapaa ya mabati ya Mpondwe.

"Ile shule ya watoto iko pale," alisema.

Sikumuuliza shule ipi. Usiku wa Juni 16, 2023 wapiganaji wa kundi la waasi la ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, wakalichoma moto bweni la wavulana na wenyewe wakiwa ndani, na wasichana wakawakata kwa mapanga. Wanafunzi 37 walikufa. Mwalimu alivua kofia, akanyamaza kidogo, kisha tukavuka.

Kilichonipeleka Beni ni maneno ya askari mmoja wa mtaani kwetu Tanga, aliyewahi kutumika huko na kikosi cha Tanzania chini ya Umoja wa Mataifa. Vita hakupenda kuvisimulia. Alichosimulia, na kukirudia kila tulipokutana, ni kwamba watu wa kule huzika asubuhi na jioni wakaenda kusali. "Wanasali, kaka, utadhani hakuna kilichotokea," alisema. "Halafu ukisikiliza wanayoyasema ndani ya sala, ndipo unapojua kwamba hawajasahau kitu." Nilitaka kuyasikia hayo ya ndani ya sala kwa masikio yangu.

Tulipokuwa tukisubiri pasi yangu igongwe muhuri, tulikaa kwenye kibanda cha mama muuza chai. Ukutani alibandika picha ya kijana, na mwalimu alimtaja kama anayemtaja mtu wa ukoo wake: Floribert Bwana Chui. Alizaliwa 1981, akawa ofisa wa idara ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa huko Goma. Mwaka 2007 alishawishiwa kwa fedha aruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Akakataa, kwa sababu chakula kile kingedhuru watu, na imani yake haikumruhusu kuuza afya zao. Alitekwa, akateswa, na Julai ya mwaka huo mwili wake ukaokotwa. Alikuwa na miaka 26. Juni 15, 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri katika ibada iliyofanyika Roma. Goma yenyewe ilikuwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu mwishoni mwa Januari.

Mama wa chai alitusikia, akasogea. "Huyu hawakumuua kwa sababu alikuwa anaomba," alisema. "Walimuua kwa sababu alikataa kugonga muhuri."

Kutoka Kasindi hadi Beni ni kilomita kama 80. Kwa barabara nzuri yenye amani ni safari ya kupitiwa na usingizi, lakini kwa miaka mingi magari ya njia hiyo yameviziwa, yakachomwa, abiria wakauawa au wakachukuliwa msituni. Hakuna aliyelala ndani ya gari letu. Kabla ya dereva kuwasha injini, abiria mmoja wa nyuma alianza kuomba kwa sauti bila kuagizwa na mtu, na wote tukaitikia amina. Aliomba kwa ajili ya matairi, kwa ajili ya macho ya dereva, kwa ajili ya askari tutakaowakuta njiani wasiwe na njaa. Kisha akawaombea marehemu wa Kasindi. Januari 15, 2023 bomu lililipuka katika kanisa la Kipentekoste la mji huo, waumini wakiwa wamekusanyika kwa ubatizo. Watu zaidi ya kumi walipoteza maisha siku ile waliyokuja kushuhudia wenzao wakizaliwa upya.

Upande wa kulia milima ya Rwenzori ilijifunika mawingu. Tulipita kipande cha hifadhi ya Virunga, na hapo mazungumzo yalikatika yenyewe. Hata mtoto aliyekuwa akilia alinyamazishwa kwa kunyonyeshwa. Halafu tukafika daraja la Semuliki. Maji ya mto huu yanatoka Ziwa Edward kwenda Ziwa Albert, na kule yanakoelekea, katika barabara ya Mbau kwenda Kamango, ndiko ilikokuwa kambi ya walinda amani iliyoshambuliwa jioni ya Desemba 7, 2017. Askari 15 wa Tanzania walikufa katika shambulio lile. Nilikumbuka majeneza yaliyofunikwa bendera yalipopokewa Dar es Salaam, na jinsi watu wengi walivyoulizana kwa mara ya kwanza Semuliki iko wapi. Nikainua mikono nikawasomea Fatiha. Mama niliyekaa naye aliniangalia, akangoja nimalize, akasema, "Amina," akafanya ishara ya msalaba. Hakuuliza nilikuwa namwombea nani. Katika barabara ile kila mtu ana wa kumwombea.

Beni ni mji wa vumbi jekundu, pikipiki, chukudu (baiskeli za mbao) zilizopakiwa mbao, na harufu ya kakao iliyoanikwa mbele ya maduka. Mtu anayeingia mchana hawezi kuamini kwamba mji huu umezungukwa na makaburi. Wenye maduka wanabishana bei, redio zinaimba, na tangu Goma ianguke serikali ya mkoa wa Kivu Kaskazini imehamia hapa, kwa hiyo magari ya wakubwa nayo yameongezeka.

Habari yenyewe, kwa msomaji asiyeifuata, ni hii. ADF lilizaliwa Uganda katikati ya miaka ya 1990, likafukuzwa, likajichimbia katika misitu ya upande wa Kongo. Kiongozi wake wa zamani, Jamil Mukulu, alikamatwa Tanzania mwaka 2015 akakabidhiwa Uganda. Aliyemrithi, Musa Baluku, akalipeleka kundi chini ya mwavuli wa wanaojiita Dola ya Kiislamu. Kuanzia Oktoba 2014 vijiji na mitaa ya pembeni mwa Beni ilianza kuamka na maiti. Waliouawa wengi ni wakulima, na wengi walikatwa kwa mapanga, wakiwa shambani au wakiwa kitandani. Mei 2021 serikali iliondoa watawala wa kiraia katika Kivu Kaskazini na Ituri, ikawaweka wanajeshi, na Novemba mwaka huo jeshi la Uganda likaingia kusaidiana na la Kongo. Mauaji hayakukoma. Watu wa Beni wamekwisha kuandamana, wamekwisha kufunga maduka yao, na Novemba 2019 waliichoma moto ofisi ya meya na kuivamia kambi ya Umoja wa Mataifa kwa hasira ya kuona wanachinjwa karibu na wenye silaha za kuwalinda.

Nyumba ya mwalimu iko mtaa ambao zamani, aliniambia, ulikuwa na mashamba nyuma yake. Sasa una familia zilizokimbia vijiji. Katika ua wake mmoja waliishi watu wa nyumba tatu, na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyopikwa jioni iliwatosha kwa namna ambayo sikuielewa. Mke wake aliniuliza kwanza kama nakula makayabo (samaki wa chumvi), pili kama nina mama, tatu kama mama yangu anajua niko Beni. Nilipojibu la tatu kwa kusitasita, alikwenda chumbani, akarudi na simu yake, akanipa nimpigie.

Siku iliyofuata, saa kumi jioni, nilikaribishwa kwenye shirika, ndivyo wanavyoiita jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaa. Wanasali mapema ili kila mtu awe kwake kabla ya giza. Mimi ni Mwislamu na nilisema hivyo mlangoni. Mzee aliyeongoza alinipa kiti karibu naye, akasema mgeni wa mwalimu ni mgeni wa wote. Walianza kwa wimbo, wakasoma Zaburi ya 13, ile ya mtu anayemlalamikia Mungu kwa kumsahau na kumficha uso. Halafu ikafuata sala ya kila mmoja, nami nikaelewa askari wa Tanga alikuwa akisema nini.

Mama mmoja alisimama, mikono kiunoni. Hakufumba macho. "Mungu," alisema, "ulituambia tulime, tukalima. Kakao imeiva, nani ataivuna? Mume wangu alikwenda kuivuna. Unajua ulikomweka. Mimi nakuja kwako kila siku, na kila siku nitakuuliza." Akakaa. Hakuna aliyeshtuka. Mwingine akasimama kuuliza habari za Komanda. Alitaka kujua malaika walinzi walikuwa wapi.

Komanda ni mji wa Ituri, kaskazini ya Beni. Usiku wa kuamkia Julai 27, 2025, majuma machache kabla ya kufika kwangu, washambuliaji waliingia katika parokia ya Mwenye Heri Anuarite, ambako waumini, vijana na watoto miongoni mwao, walikuwa katika mkesha wa sala. Waliuawa watu zaidi ya 40. Anuarite Nengapeta aliye msimamizi wa parokia hiyo alikuwa mtawa aliyeuawa Isiro, Desemba 1, 1964, wakati wa uasi wa Simba, kwa kuwa alikataa kujitoa kwa kamanda aliyemtaka. Kwa hiyo waliokufa Komanda walikufa katika nyumba yenye jina la msichana aliyekufa kwa jeuri ya wenye silaha miaka 60 kabla yao, katika nchi ileile. Watu wa shirika hawakuhitaji kuelezwa hilo. Walilijua na lilikuwa sehemu ya swali lao.

Mzee mmoja alijaribu kusema kwamba kuna mhubiri redioni aliyefundisha kuwa mauaji haya ni adhabu ya dhambi za Wakongo. Sijaona kikao cha sala kikichemka namna ile. "Watoto wa Komanda walikuwa na dhambi gani kutushinda sisi tuliolala nyumbani?" aliuliza mama wa kakao. Mwingine akasema Mungu wa mhubiri huyo hamjui, na kama angekuwa ndiye, angeacha kusali siku hiyohiyo. Mzee alikubali, akaomba radhi, wakaendelea. Nimesikia mafundisho kama ya mhubiri yule katika dini zote mbili, na kwetu Tanga nayo yapo: ukipatwa, jichunguze ulimkosea nini Mola. Kwa mwenye homa labda yanaweza kumsaidia atubu. Kwa mtu aliyechinjiwa mtoto ni mzigo wa pili anaotwishwa, na anayemtwisha anamsaidia muuaji kuficha mkono wake.

Baada ya sala daftari lilitolewa. Ni daftari la shule, la mistari, lenye jalada lililofungwa kwa gundi ya karatasi, na katibu wa shirika hulibeba ndani ya kitambaa pamoja na rozari. Kurasa zake zimechorwa safu nne: jina, mahali, tarehe, na ya mwisho imeandikwa "Serikali imesema nini." Ndani yake kuna waliouawa, waliochukuliwa msituni, na kurasa za 2018 na 2019 zina waliokufa kwa Ebola, kwa maana ugonjwa ule uliipiga Beni na Butembo katikati ya vita na kuua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kutangazwa kwisha Juni 2020. Jioni ile waliongeza jina moja, la ndugu wa mwanashirika aliyefia njiani. Walilisoma mara mbili ili tahajia iwe sahihi. Kisha wakachanga fedha za sanda na za sabuni, wakagawana zamu za kulala na mfiwa, wakatawanyika.

Safu ya nne karibu yote ilikuwa tupu. Niliuliza kwa nini hawaachi kuichora. Katibu alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anaendelea kupika. "Siku wakija kujibu," alisema, "tutakuwa na pa kuandika."

Si wote wanaosali. Mdogo wake mwalimu, kijana mwenye mabega mapana na sauti ya chini, hakuja kwenye shirika wala haendi kanisani. Nilifika wiki ya kumbukumbu ya Rwangoma, mtaa ambao usiku wa Agosti 13, 2016 wauaji walipita nyumba hadi nyumba na kuua watu kwa makumi. Yeye alikuwa mtoto, akajificha, akasikia. "Nilimwita Mungu kwa sauti ndogo ili wasinisikie," aliniambia, "na Yeye pia hakunisikia." Tangu hapo hajamwita tena. Lakini mtaani akifa mtu, wa kwanza kubeba jembe kwenda kuchimba kaburi ni yeye, na aliyenieleza hivyo alikuwa mama yake, aliyeliongelea jambo hilo bila aibu wala huzuni. Hajawahi kumlazimisha kusali. Anasema Mungu na kijana wake wana ugomvi, na ugomvi ni wa watu wanaofahamiana. Sitamwita kijana yule jina lolote baya. Ningeliona alichokiona, sijui ningekuwa upande gani, na katika mji ule nilimkuta akifanya kazi ambayo wacha Mungu wengi huikimbia.

Ijumaa nilikwenda msikitini. Nakiri moyo ulikuwa mzito, kwa sababu wanaoua Beni wanaua huku wakitamka takbira ninayoitamka mimi nikisujudu. Katika mji wenye Wakatoliki na Wabaptisti wengi na Waislamu wachache, kofia yangu niliihisi kichwani kila hatua. Nilijua pia nakwenda mahali gani. Mei 1, 2021, usiku wa Ramadhani, Sheikh Ali Amini alipigwa risasi ndani ya msikiti wa Beni wakati wa sala ya usiku. Alikuwa akiwakemea hadharani wanaotumia dini kuchinja watu. Alijua anaowakemea wako karibu, na aliendelea kukemea.

Baada ya sala nilikaa na mzee mmoja wa msikiti, fundi cherehani, chini ya mti. Aliniita mwanangu ingawa ndevu zangu nazo zina mvi. Nilimuuliza aliwezaje kurudi kusali pale. Alinijibu kwa kunisimulia juma lingine. Juni 27, 2021, mwezi uliofuata kifo cha Sheikh, bomu lililipuka katika kanisa Katoliki la Emmanuel-Butsili saa za alfajiri, watoto wakitarajiwa kuja kupata kipaimara. Akina mama wawili walijeruhiwa. Siku hiyo palitokea milipuko mingine mjini na watu wakaamriwa kujifungia. Amri ilipoondolewa, mzee aliogopa kutoka. Aliivua kofia yake akaiweka kabatini, akakaa nyuma ya cherehani bila kushona.

"Jirani yangu ni mama wa kwaya huko Butsili," alisema. "Alikuja akagonga. Akaniambia, 'Baba, vaa kofia yako, twende Kilokwa.' Nikamwambia, mama, watu wamekasirika. Akasema, 'Ndiyo sababu nimekuja.' Tukaenda sokoni, yeye na kapu lake, mimi na kofia yangu. Tukazunguka soko lote. Hakununua kitu zaidi ya vitunguu."

Mzee alicheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya kanzu.

Nimekaa na habari hiyo muda mrefu kuliko nyingine zote za safari. Mwenye bomu alitaka mambo mawili: awaue Wakristo, na awafanye Wakristo waliobaki wawachukie Waislamu, ili Waislamu wasiwe na pa kukimbilia ila kwake. Mama wa kwaya hakusoma makala za wachambuzi. Imani yake ilimwambia jirani yake ni nani, na hakukubali mtu wa msituni ambadilishie. Nami nilitoka chini ya mti ule nikiwa nimeamua jambo langu: jina la Mungu ninayemwabudu sitamwachia muuaji kwa sababu tu analitamka kwa sauti kubwa kuliko mimi.

Hotuba ya Ijumaa ile ilimhusu Nabii Yaaqub. Imamu hakuitaja ADF hata mara moja. Kila aliyekuwepo alijua kwa nini kamchagua baba aliyeletewa kanzu yenye damu akaambiwa mwanao kaliwa na mbwa mwitu. Alisema Yaaqub alikuwa na subira njema na bado alilia hadi macho yakawa meupe, na aliyeviweka hivyo viwili pamoja katika Kitabu ni Mungu mwenyewe. Kwetu subira tumeifundisha kama kufunga mdomo. Nimeisikia ikiambiwa wajane na wafanyakazi wasiolipwa. Beni niliiona ikiwa na mdomo wazi.

Butembo iko kilomita 54 kusini, mji wa wafanyabiashara Wanande walioujenga kwa biashara na kahawa bila kuisubiri Kinshasa. Nilikwenda kwa sababu ya Padri Vincent Machozi, wa shirika la kitawa la Waasumpsionisti. Yeye aliifanya kwa ukubwa kazi ileile ya daftari la Beni: aliendesha tovuti ya Beni-Lubero, akachapisha habari za mauaji, majina, picha, na tuhuma dhidi ya wakubwa aliowaona wakinufaika na damu. Alikwishatishwa mara nyingi. Usiku wa Machi 20, 2016, Jumapili ya Matawi, watu waliovaa sare za jeshi walimpiga risasi huko Vitungwe-Isale, karibu na Butembo. Mapadri niliowakuta hawakupenda kumsifu sana. Walipendelea kuzungumza habari za kazi yake, nani alimletea taarifa, jinsi alivyohakikisha kila jina.

Eneo hili lina ukoo mrefu wa watu wa namna hiyo. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu aliuawa Oktoba 29, 1996, wakati vita vya kwanza vilipoingia mji wake naye akikataa kunyamaza. Aliyemfuata, Emmanuel Kataliko, alikuwa ametumikia Butembo-Beni kama askofu kwa miaka 30. Waasi wa RCD walimzuia kurudi Bukavu mwaka 2000 kwa sababu ya ujumbe wake wa Noeli dhidi ya dhuluma, wakamfungia Butembo kwa miezi, na mwaka huohuo akafa. Nawataja kwa haraka, wanastahili vitabu. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba hawa hawakuchukua imani kama dawa ya maumivu. Waliifanya iwe sababu ya kusema kitu kilicho wazi kwa mwenye bunduki.

Ndiyo maana sikufurahia mahubiri niliyoyasikia Jumapili moja, ambayo sitataja yalitolewa wapi, yaliyowataka watu wasamehe ili nchi ipone. Msamaha ni wa Mungu na ni wa aliyeumizwa. Hauwezi kuamriwa kutoka mimbarini wakati hakuna aliyekiri, hakuna aliyeshitakiwa, na panga lenyewe halijaoshwa. Akina mama waliokaa mbele yangu waliinamisha vichwa. Nje, mmoja wao alimwambia mwenzake kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba atasamehe atakapojua anamsamehe nani.

Usiku wa mwisho nililala tena Beni. Katika ua wa mwalimu aliishi bibi mmoja aliyekimbia Mbau, mwembamba, mwenye kilemba cha kitenge kilichopauka, ambaye hadi siku ile tulikuwa tumesalimiana tu. Mwalimu alikuwa amemwambia kwamba naandika. Akaja na kigoda chake akaketi mbele yangu.

Alitaka kuzungumza habari za mapadri wa Mbau. Oktoba 19, 2012, kabla hata ya mauaji makubwa kuanza, watu wenye silaha waliwachukua mapadri watatu Waasumpsionisti kutoka parokia ya Mbau. Hawajaonekana tena. Bibi alikuwa akifua nguo za altare hapo. Watu wengi, alisema, wanamwambia awaombee kama marehemu, lakini yeye hukataa.

"Sina maiti. Sina kaburi. Hakuna mkubwa aliyekuja akaniambia wamekufa. Nani amewaua, ili niwaombee kama wafu? Mimi nawaombea warudi."

Nilimsimulia Yaaqub, jinsi alivyoambiwa mwanawe kafa akakataa, akangoja miaka.

"Na mtoto alipatikana?"

"Alipatikana, bibi. Misri, akiwa hai."

"Baba yake alikaa tu akingoja?"

"Hapana. Alilia kwa Mungu, na wanawe akawaambia waende wakamtafute, wasikate tamaa."

"Haya," alisema. "Aliwatuma wakatafute." Alimwita mjukuu wake alete daftari. Lilikuwa lake mwenyewe, na juu ya kila ukurasa katibu wa shirika alikuwa amemchorea safu zilezile nne. Yeye hajui kusoma, lakini anajua kila kilichoandikwa kiko wapi. Aliweka kidole kwenye ukurasa wa kwanza. "Andika yote matatu, usiache jina. Na mahali, na tarehe. Ukifika kwenu watu wasome."

Jean-Pierre Ndulani. Anselme Wasukundi. Edmond Kisughu. Mbau, Oktoba 19, 2012. Safu ya nne haina neno.